Kona ya shamba isiyokauka: panda mwerebi wa kwetu

Kila mvua zikianza tunaulizwa swali lile lile: ile kona ya chini, maji yanapotuama, niifanyeje? Maharagwe yameoza, mparachichi umenyauka ukiwa umesimama majini, na jirani keshatoa shauri la mkaratusi, eti unyonye maji. Utayanyonya kweli. Shida ni kwamba hautaacha hata kiangazi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji.

Sisi tunapendekeza mwerebi. Wengi wanaujua kwa jina tu, kutoka kwenye Biblia. Wengine wameuona ule wa bustanini wenye matawi yanayoning'inia, ambao asili yake ni China. Lakini tunao wa kwetu, Salix mucronata, unaoota kando ya mito kuanzia Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania hadi Afrika Kusini. Jani lake ni jembamba, na kwa chini limepauka, kwa hiyo upepo ukivuma mti mzima unabadilika rangi.

Usihangaike na mbegu. Ni vumbi lenye pamba, na baada ya siku chache tu haziwezi kuota tena. Kata tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 40 hivi. Upande wa chini ukate mshazari, wa juu ukate bapa, bila mshazari; si urembo, ni ili usije ukalipanda kichwa chini, kosa linalofanywa hata na wazoefu. Lizamishe ardhini theluthi mbili, ukanyage udongo vizuri. Ukiwa na shaka, tia vijiti viwili kwenye ndoo ya maji kivulini: utaviona vinundu vidogo vikivimba kwenye ganda, kisha mizizi myeupe ikichomoza hapo hapo.

Panda mwanzoni mwa masika, na zungushia miiba, maana mbuzi anaupenda kuliko wewe. Matope hayausumbui, ukame wa mwaka wa kwanza ndio unaoua.

Neno moja la tahadhari: mizizi yake hufuata unyevu popote ulipo, hata kwenye nyufa za bomba. Kaa nao mbali na shimo la choo, tangi la maji taka na msingi wa nyumba. Mita 20 si nyingi. Kama kiwanja chako ni kidogo kuliko hapo, panda magimbi.