Gari la rimoti la mchangani: yanayosemwa Malindi na yalivyo

Swali la kwanza la mnunuzi wa gari la rimoti, awe kijana wa Shella au Mtaliano aliyejenga Casuarina, huwa ni hilohilo: linakwenda kasi gani? Swali la spea zitatoka wapi huja baadaye sana, gari likiwa limeshalala juu ya kabati. Mimi ningeyageuza. Mji wetu una mchanga, una chumvi, na uko mbali na maduka ya vitu hivi. Mambo hayo matatu yanakuchagulia gari kabla hujatoa pesa mfukoni. Haya hapa ni maneno ninayoyasikia kila mara, na ukweli wake.

"Lenye kasi kubwa ndilo bora"

Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida si uongo, ila usome na maandishi madogo yaliyo chini yake. Mara nyingi kasi ile inapatikana kwa betri ya seli 3 ambayo haimo ndani ya boksi, na kwa pinioni, ile gia ndogo ya mota, kubwa kuliko iliyofungwa kiwandani. Tena ni kwenye lami kavu iliyonyooka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mota isiyo na brashi huandikwa kV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haijabeba mzigo. Mota ya kV 3300 ukiipa betri ya seli 2, volti 7.4, inazunguka kama mara 24,400 kwa dakika. Ukiipa seli 3, volti 11.1, inafika 36,600. Sasa lishushe gari kwenye mchanga mlaini. Tairi zinazama, mota inavuta umeme mwingi huku gari likienda polepole, na umeme usiogeuka mwendo unageuka joto. Wazoefu wengi hawataki mota ipite digrii 80. Kuipima, usitumie kile kipimajoto cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu wakati wa korona, maana kinaishia digrii arubaini na kitu tu. Azima cha mafundi wa friji.

Dawa ya mchanga ni pinioni yenye meno machache zaidi. Kasi ya mwisho itapungua, lakini gari litang'oka upesi na mota haitaungua. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kutumia maelfu kununua mota kubwa, akakataa kununua kigia cha bei ya chakula cha mchana.

Na kwenye mashindano? Kiwanja cha resi kimejaa kona na matuta ya kurukia, na ile kasi ya kwenye boksi huifikii karibu popote. Gari likipinduka, unasimama pale na rimoti yako mkononi ukimngoja mtu wa kona aje aligeuze, na wenzako wanapita. Dereva wa gari la wastani asiyepinduka humwacha mwenye roketi.

"Limeandikwa halipitishi maji, basi baharini linaingia"

Kijana mmoja aliniuliza, "Ami, si wameandika wenyewe lina uwezo wa maji?" Wameandika, na ni kweli. Kilichozibwa ni risiva inayopokea amri za rimoti, sevo inayogeuza usukani na spidi kontrola inayogawia mota umeme, yaani vile vya umeme. Beringi hazikuzibwa. Skrubu ni za chuma. Mota ya brashi ukiiendesha majini inafanya kazi, lakini brashi zake zinakwisha upesi. Na walioandika hivyo walifikiria madimbwi ya mvua, kisha ndani ya kijitabu wakaongeza kwamba baada ya maji lazima gari lisafishwe na kupakwa mafuta. Kijitabu hicho nani anakisoma?

Shida ni kwamba uwanja mtamu kuliko yote hapa kwetu ni ule mchanga mgumu unaobaki maji yakipwa, hasa siku za bamvua pwani inapokuwa pana. Gari linanyooka, tairi hazizami, mota haipati joto. Na kila tone linaloruka kutoka chini ya tairi ni maji ya chumvi.

Jioni ya kwanza gari linaonekana zima. Fungua nati ya tairi ya nyuma, vuta tairi, toa ile heksi ya milimita 12, kitovu cha pembe sita kinachoshika tairi, na kipini chake. Nyuma yake kuna beringi ndogo, milimita 5 ndani na 11 nje, na juu ya kifuniko chake utaona ukungu mweupe. Izungushe kwa kidole, bado inateleza. Iache siku mbili. Chumvi haikauki kwa hewa yetu hii, inavuta unyevu usiku kucha, na sasa kuna mstari wa kutu ya rangi ya chungwa ukingoni mwa kifuniko. Ukizungusha unasikia mkwaruzo. Ukiendelea kuliendesha hivyo, beringi inaganda, ekseli inalazimika kuzunguka ndani yake kwa kusugua, au beringi nzima inazunguka ndani ya plastiki iliyoishikilia na kuitafuna mpaka tundu linakuwa yai. Hapo spea si beringi tena.

Anayetaka kucheza ufukweni aoshe gari siku ileile kwa maji baridi ya mfereji. Nasema ya mfereji kwa sababu visima vingi vya hapa vina chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Kisha fundi wa pancha atakupulizia kwa kompresa yake. WD-40 inafukuza maji vizuri, lakini inaondoka na grisi pia, kwa hiyo usiishie hapo. Tia tone la mafuta kwenye kila beringi. Kwa skrubu na ekseli, grisi wanayotumia mafundi wa mashine za boti ndiyo yenyewe. Imetengenezwa kwa maji ya bahari, na hapa Malindi haikosekani.

Wasiotaka kazi hiyo waende kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui, juu, mbali na mawimbi. Pale mchanga ni mkavu, na vumbi lake laini linaingia kila mahali, lakini linatoka kwa brashi ya rangi na upepo. Kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kaa mbali na mchanga ulio juu ya mstari wa maji kujaa, kwani mayai yamefukiwa hapo hapo na hayaonekani.

"Tairi zote nne zikivuta, umemaliza"

Kwenye mchanga mkavu, ndiyo, linasaidia sana. Ila hesabu na vinavyoongezeka: difu ya pili, shafti ya katikati, ekseli za mbele, beringi zaidi za kuliwa na kutu. Kwa ardhi ngumu ya uwanja wa mpira, gari linalovutwa na tairi za nyuma linatosha, na linakufundisha kuongeza mwendo kwa adabu. Ukitaka kulipeleka mchangani, lifunge nyuma tairi zenye makasia.

"Gari moja litafanya resi na mchezo"

Hapa ukweli uko katikati, na inategemea jina la gari, kwa hiyo tuyataje.

Monsta ina tairi kubwa na tumbo liko juu. Inapita juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa kwenye viwanja vyetu, inaruka mitaro, watoto wanaifurahia. Kwenye kona inapinduka, na hakuna marekebisho ya springi yatakayoitoa kabisa tabia hiyo, kwa sababu uzito wake uko juu. Kwa mchezo wa nyumbani ni nzuri. Kwa resi utachoka.

Pikapu ya stediamu iko chini, mikono yake ni mipana, tairi ziko wazi. Hiyo ilizaliwa kwa ajili ya resi. Kwenye ardhi laini iliyosawazishwa inakata kona vizuri, kwenye mawe inagonga tumbo.

Shoti-kosi imeiga pikapu za mashindano ya jangwani ya Marekani. Iliyoifanya ipendwe duniani ni Slash ya Traxxas, iliyotoka 2008 kwa kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Bodi yake inafunika tairi zote nne, na hiyo ndiyo siri yake. Magari mawili yakigongana kwenye kona, tairi hazipandiani, yanasukumana tu na resi inaendelea. Kasoro yake inatoka hapohapo. Likiruka tuta, upepo unaingia chini ya bodi na kunaswa, pua inainuka na gari linatua kwa mgongo. Ndiyo maana utaona magari ya resi yamekatwa matundu nyuma ya bodi. Si uharibifu, ni njia ya upepo kutokea.

Tragi ni ya kipimo cha 1/8, nzito, ina difu za chuma na heksi za milimita 17. Inastahimili mengi, lakini kila kitu chake kina bei ya juu, kuanzia tairi hadi betri.

Na kama moyo wako uko kwenye resi tu, ujue kwamba bagi, si pikapu, ndiyo inayogombewa ubingwa wa dunia wa kipimo cha 1/10 unaosimamiwa na IFMAR, shirikisho la dunia la resi za magari ya rimoti, tangu ule wa kwanza uliofanyika Del Mar, California, 1985. Bagi iko chini zaidi na ni nyepesi zaidi.

Kwa mtu wa Malindi anayetaka vyote viwili, ningechukua shoti-kosi ya 1/10 inayovutwa na tairi mbili za nyuma. Sababu yangu kubwa si gari lenyewe. Huku hatuna kiwanja cha kudumu wala klabu ya kukupangia madaraja, resi ni ya wewe na jirani zako mkipanga matairi mabovu uwanjani. Mkinunua wanne aina moja, mota ileile, betri ya seli 2 kwa kila mtu, mnashindana kwa mkono, na spea ya mmoja inamfaa mwenzake. Klabu za ughaibuni zinafanya hivyohivyo, zina madaraja ambayo mota ya kila mtu ni lazima iwe ya mizunguko ya waya ileile, 17.5 kwa mfano. Mmoja wenu akileta seli 3, mchezo umekwisha siku hiyo.

"La dukani na hilo la bei mbaya ni yaleyale"

Muulize muuzaji bei ya mkono wa mbele wa kushoto. Asipokuwa na jibu, hicho ni kitu cha kuchezea. Ndani yake risiva, kontrola na usukani viko kwenye bodi moja ya umeme, kimoja kikiungua vyote vimekwenda. Gari la kweli lina vipande vinavyofunguka na kila kipande kina namba yake. Kwa mtoto wa miaka mitano, nunua la dukani bila aibu.

"Kubwa halivunjiki"

Gari zito linaanguka kwa uzito wake wote. La kipimo cha 1/5 likigonga mti wa mvinje, mti hausogei.

"La mafuta ndilo la wanaume"

Mafuta yake si petroli, ni methanoli na nitromethani iliyochanganywa na oili, na hayauzwi kwenye kituo chochote cha barabara ya Lamu. Tuendelee.

"Betri ni mAh tu"

Namba ya mAh inakuambia itadumu kiasi gani, haikuambii gari litakwenda vipi. Resi za umeme za klabu ni za dakika 5 hivi, na betri kubwa sana kwenye resi ni uzito wa kubeba bure. Kwa mchezo, mAh 5000 inatosha.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi zinavyotunzwa. Seli ya lipo, ile betri ya lithiamu ya magari haya, ikijaa ni volti 4.2. Ikishuka chini ya 3.0 inaharibika, kwa hiyo hakikisha kontrola yako imewekwa upande wa lipo ili ikate umeme mapema. Isiyotumika wiki hii irudishwe volti 3.8 kwa kila seli, chaja nzuri zina kitufe cha kazi hiyo. Betri ya mAh 5000 chaji kwa ampea 5, usizidishe ili upate haraka. Iliyovimba imekufa, hata kama bado inawasha gari. Na usichaji chini ya makuti. Lipo ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji kirahisi, na paa la makuti halingoji. Chaji kwenye sakafu ya simenti, nje barazani, ukiwa umekaa karibu.

Kuzipata ndiyo kazi. Tangu 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na ndiyo sababu gari linafika na betri haifiki. Abiria mwenyewe anaweza kubeba za akiba zisizozidi wati-saa 100 kila moja. Zidisha volti kwa mAh, gawa kwa 1000: seli 2 ya mAh 5000 ni wati-saa 37, seli 3 ni 55.5, zote zinapita. Jamaa yako akitoka Dubai, mwambie azibe ncha za waya kwa tepu, kila betri kwenye mfuko wake, na aziweke kwenye mkoba anaopanda nao. Kwenye sanduku la chini watazitoa.