Tamthilia ya uhalifu yenye jicho la kijamii ni ipi, na kwa nini watazamaji hugombana juu yake

Tamthilia nyingi za uhalifu huanza na maiti. Mpelelezi anafika, anazunguka, anahoji, na kabla ya kipindi kuisha tumeshajua nani kaua. Steringi hafi, adui anatiwa pingu, sisi tunakwenda kulala. Tamthilia yenye jicho la kijamii nayo yaweza kuanza na maiti ileile, ila haitosheki na jina la muuaji. Inataka kujua mambo yalifikaje hapo, na nani alikuwa na uwezo wa kuyazuia akanyamaza.

Kwa hiyo maana yake ni hii: ni tamthilia ambamo kosa la jinai ni mlango tu. Ukishaingia ndani unakuta shule, kituo cha polisi, ajira, siasa, malezi, na kila kimoja kina mkono wake katika kilichotokea. Kuonyesha umaskini au ubaguzi peke yake hakutoshi kuipa tamthilia sifa hiyo. Zipo kibao zinazoingia mtaa wa maskini kumwokota muuaji na kuondoka naye. Wakazi wa mtaa wamebaki kuwa pazia la nyuma. Kipimo changu ni rahisi: muuaji akishafungwa, je, kila kitu kimepoa? Kama kimepoa, hiyo ni hadithi ya upelelezi ya kawaida, na wala si dhambi. Kama yeye yuko ndani na tatizo bado linazurura nje, hapo tunazungumza.

Mfano unaotajwa mno ni The Wire, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha HBO nchini Marekani kuanzia 2002 hadi 2008, misimu 5, vipindi 60, yote kuhusu mji wa Baltimore. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun; mwenzake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi kisha akawa mwalimu. Dakika za mwanzo kabisa zinatosha kueleza dhana nzima. Kijana amelala barabarani amekufa, taa za polisi zinamulika damu. Mpelelezi McNulty ameketi na shahidi, wanapiga soga kama majirani. Shahidi anasimulia kuwa kila Ijumaa walicheza dadu, na kila mara marehemu alisubiri fedha zirundikane, akazikwapua, akatimua mbio. Wakimkamata walimchapa, basi. Wiki inayofuata yumo tena. McNulty anashangaa: sasa mlimruhusu wa nini kucheza? Shahidi anajibu kwamba ilibidi, kwa kuwa hii ni Marekani. Aliyefyatua risasi hatumwoni. Tulichoonyeshwa ni kanuni ya mchezo ambao kila mtu ana haki ya kuingia, hata anayejulikana atakavyotoka. Kila msimu baada ya hapo unafungua chumba kingine: bandari, siasa za mji, shule, chumba cha habari. Pamoja na sifa zote hizo, haikupata hata tuzo moja ya Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani.

Linganisha na Dragnet, iliyoanza redioni 1949 na kuhamia kwenye televisheni 1951. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na polisi wa Los Angeles, ambao walitoa kesi na kupitia miswada. Humo polisi ndiye jicho letu, na jicho lenyewe halichunguzwi. Mazoea ya watazamaji wengi yametokana na mtindo huo, na ndiyo sababu moja ya wao kukasirika tamthilia inapowageuzia kamera upande wa pili.

Malalamiko yenyewe yanajirudia: inahubiri, inamtetea mhalifu, inawachafua polisi, haina mwisho. Katika hayo, la kuhubiri nalichukulia kwa uzito, maana mara nyingine ni la kweli. Utalijua pale mhusika anapoacha kuzungumza kama mtu na kuanza kusoma ripoti. Lile la kumtetea mhalifu mara nyingi linachanganya vitu viwili. Kueleza mtu alivyofika kwenye kosa si kumfutia kosa. Hata hakimu husikiliza maelezo hayo kabla ya kutoa adhabu.

Kuna msomi aliyesaidia kueleza mgawanyiko huu: Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyefanya kazi Birmingham, Uingereza. Mwaka 1973 alieleza kwamba maana haifiki kwa mtazamaji kama kifurushi kilichofungwa. Mwandishi anaweka yake, mtazamaji anafungua kwa funguo zake mwenyewe. Wapo wanaopokea kama ilivyokusudiwa, wapo wanaokubali nusu na kujadiliana na nusu, na wapo wanaoikataa na kuisoma kinyume.

Chukua Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya 2025 yenye vipindi 4, kila kimoja kimepigwa bila kukata kamera. (Usiyeitazama, ruka aya hii na ifuatayo.) Alfajiri polisi wenye silaha wanavunja mlango na kumkamata Jamie, mtoto wa miaka 13, ambaye anajikojolea kwa hofu. Mwisho wa kipindi cha kwanza video inaonyesha kweli alimchoma kisu Katie, msichana wa shule yake. Swali la nani limekwisha, na bado vipindi 3. Katika dakika za mwisho za tamthilia, baba yake analia kitandani kwa mwanawe, anamfunika mwanasesere dubu na kumwomba radhi. Mtazamaji wa kwanza analia naye, kisha anaenda kuuliza mwanawe anaangalia nini kwenye simu. Wa pili anakubali kwamba intaneti inaharibu watoto, ila wake yeye, aa, haiwezekani. Wa tatu anakasirika: msichana ameuawa, mbona machozi yote ni ya nyumba ya muuaji?

Huyo wa tatu hupuuzwa, kana kwamba hakuelewa. Mimi naona ameelewa vizuri sana. Tamthilia inayotafuta chanzo cha kosa humfuata mkosaji, na aliyeuawa hubaki picha ukutani. Waandishi wenyewe waliliona hilo: katika kipindi cha pili, wakiwa shuleni, mpelelezi Frank anamlalamikia mwenzake kwamba kila mtu atamkumbuka Jamie, na Katie hakuna atakayemkumbuka. Anasema hivyo, kisha kamera inaendelea na safari yake, na kwa Katie haiendi.