Kano si ncha ya msuli: yanayosemwa na yaliyothibitishwa kuhusu namna kano zinavyojengeka kabla ya kuzaliwa

Aliyewahi kuandaa miguu ya kuku anaijua kano: ule uzi mweupe, mgumu, unaong'aa, unaoshuka nyuma ya mguu. Ukiuvuta, vidole vya kuku aliyekwisha chinjwa vinajikunja kana kwamba yu hai. Labda ndiyo maana tunaidharau. Inaonekana kamba tu ya kuvutia mfupa, na nani anauliza kamba ilianzaje? Wanaochunguza viinitete, yaani viumbe vichanga vinavyoanza kukua ndani ya yai au tumbo la mama, wameuliza, na majibu yao yanapingana na mengi tunayoambiana.

"Kano ni ncha ya msuli iliyokauka ikawa ngumu"

Ukitazama paja la mbuzi huwezi kumlaumu anayesema hivi. Nyama inakwenda ikipungua, mwishowe inageuka nyeupe. Lakini misuli na kano za mkono hazina asili moja, na lililoamua suala hili ni yai.

Mwaka 1969 Nicole Le Douarin, mtafiti wa Ufaransa, alionyesha kwamba seli za kware zinatambulika kwa hadubini hata zikichanganyika na za kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware kina doa lililokolea rangi ambalo la kuku halina. (Ndiyo, kware huyu huyu ambaye mayai yake yaliwahi kuuzwa Nairobi kama dawa ya kila kitu.) Kazi yenyewe inahitaji mkono mtulivu. Unakata dirisha dogo kwenye ganda la yai la kuku ambalo kiinitete chake kina siku mbili hivi, unatoa kipande cha tishu, unapandikiza cha kware mahali pale pale, unaziba kwa utepe na kulirudisha yai kwenye mashine ya kutotolesha. Siku kadhaa baadaye unatafuta yale madoa yameishia wapi.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walipandikiza namna hii somaiti, yaani vile vifundo vya tishu vinavyojipanga pande mbili za uti wa mgongo unaoanza. Bawa lilipokua, misuli yake ilikuwa ya kware, na kano zake za kuku. Seli za msuli zilikuwa zimesafiri kutoka mgongoni hadi kwenye bawa, ilhali seli za kano zilikuwa za hapo hapo, kutoka tabaka la pembeni ambalo ndilo pia linalozaa mifupa ya bawa. Kwa asili, kano ya mkono iko karibu na mfupa kuliko msuli.

Hilo nalo ni la mikono na miguu tu. Kano za mgongoni hutoka kwenye somaiti zenyewe, katika ukanda mwembamba ambao Ava Brent, Ronen Schweitzer na Clifford Tabin waliuonyesha mwaka 2003. Kano za kichwani zina chanzo cha tatu: seli zinazohama kutoka ukingo wa mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo.

"Kwa hiyo kano haihitaji msuli"

Hapa watu huruka kutoka kosa moja hadi jingine. Kiinitete cha kuku kilichozuiwa kupata misuli ya mguu huanza kutengeneza kano vizuri tu, kisha nyingi kati yake hufifia na kupotea. Kwa panya, kundi la Schweitzer na Alice Huang lilieleza mwaka 2015 kwamba jibu linategemea unaulizia sehemu gani ya kano. Ile ya kiganjani na vidoleni hutegemea gegedu (ile tishu laini kuliko mfupa ambayo mfupa hujengekea) la mifupa iliyo jirani, na hujitokeza hata pasipo msuli. Ile inayopanda juu ya kifundo cha mkono kuelekea kiwiko hurefuka pale tu msuli upo. Kano moja unayoiona ndefu na nyoofu imeundwa kwa sehemu zenye masharti tofauti, zikaungana.

"Mtoto akirusha miguu tumboni anacheza tu"

Mama huanza kuhisi mtikisiko kati ya wiki ya 16 na 20 hivi, lakini mtoto huwa amekwisha anza kujisogeza tangu karibu wiki ya 8. Kwa kano, hiyo ni kazi, wala si mchezo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka tena kwenye yai, maana hakuna anayeweza kufanya majaribio haya kwa binadamu. Mwaka 2018 Catherine Kuo na wenzake huko Marekani waliwapa vifaranga walio bado ndani ya mayai dawa ya kupoozesha misuli. Wengine waliwapa dawa ya kuwafanya warushe miguu zaidi ya kawaida. Waliopoozeshwa walipata kano laini kuliko kawaida, na waliorusha zaidi kano zao zilikaza zaidi. Tofauti ilitokana na kimeng'enya kiitwacho lisili oksidasi, ambacho hufunga nyuzi za kolajeni, ile protini inayojenga kano, moja kwa nyingine ili zisiteleze zinapovutwa. Mguu ukirushwa, kimeng'enya hicho hufanya kazi zaidi. Kisha wakakizuia kimeng'enya huku kifaranga akiendelea kurusha miguu, na kano haikukaza tena. Jaribio hilo la mwisho ndilo linaloniridhisha mimi: limeonyesha mwendo unapitia njia gani, badala ya kuishia kusema kwamba unasaidia.

"Lazima iko jeni moja ya kano"

Iliyo maarufu huitwa skleraksisi, na tangu 2001 imekuwa alama ya kuzitambua seli za kano mapema kabisa katika kiinitete. Ila panya waliozaliwa bila jeni hiyo wanaishi. Kano zao ndefu za kupitisha nguvu zimeharibika vibaya na nyayo zao hazikunjuki vizuri, lakini kano fupi za kushikiza msuli kwenye mfupa zipo. Ukiondoa badala yake ishara mbili za familia ya TGF-beta, yaani protini ambazo seli hutumia kupashana habari, karibu kano zote hutoweka.

"Mfupa hutangulia, kano huja kujishikiza"

Papasa upande wa nje wa mkono wako, katikati ya bega na kiwiko. Msuli wa bega umejishikiza kwenye kinundu cha mfupa kilicho hapo. Mwaka 2009 kundi la Elazar Zelzer la Israeli lilionyesha kwa panya kwamba kinundu hicho huanzishwa na seli za kano, ambazo huipa gegedu ishara ya kuota. Bila skleraksisi, kinundu hakiji.

"Kano hujijenga upya maisha yote"

Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliijaza hewa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na kiwango chake kimekuwa kikishuka tangu mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio hayo hewani. Kila mtu aliyeishi miaka hiyo amebeba alama hiyo mwilini. Katja Heinemeier na wenzake wa Denmark waliipima mwaka 2013 katika kano za kisigino za marehemu, na kukuta kwamba kiini cha kano kina kaboni ya miaka 17 ya mwanzo ya maisha ya mtu. Baada ya hapo hakibadilishwi kwa kiasi cha maana. Mtu wa miaka 60 anatembelea kano aliyoimaliza kuijenga akiwa kijana. Nayo kano ya mtu mzima iliyokatika hupona kwa kovu, na haiwi tena kama ilivyokuwa.

"Mguu kifundo ni laana, na kumkata mtoto kano ni kumlemaza"

Takriban mtoto 1 kati ya 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zimepinda kwa ndani, wavulana mara mbili ya wasichana. Kano na ligamenti (nyuzi zinazounganisha mfupa na mfupa) za nyuma na za ndani ya mguu huwa fupi na ngumu. Urithi una mchango, na mama kumcheka mlemavu hakuna mchango wowote. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hunyoosha mguu taratibu kwa plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki chache. Uganda ilianza mapema kuisambaza katika hospitali zake kwa kuwafundisha wahudumu wa mifupa wasio madaktari bingwa.

Kinachowatisha wazazi ni hatua ya mwisho ya plasta: kwa watoto wengi kano ya kisigino hukatwa kwa kisu kidogo, kwa ganzi ya mahali pale tu. Kano ya mtoto mchanga huunga yenyewe, ikiwa ndefu zaidi, ndani ya wiki 3 hivi za plasta ya mwisho. Kinachorudisha mguu kupinda, mara nyingi, ni kuacha mapema vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Huvaliwa karibu muda wote kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka 4 hivi, hata kama mguu unaonekana umenyooka zamani.