Kooikerhondje: mbwa wa kuwinda asiyegusa windo

Kooikerhondje ni neno la Kiholanzi, na matamshi yake yanakaribia "koikahonche". Kooi ni tundu au mtego, na hapa ni ule mtego wa bata uitwao eendenkooi. Kooiker ni mtu anayeutunza mtego huo. Hond ni mbwa, na ile -je ya mwishoni hufanya kazi ileile ya ki- yetu tunapomgeuza mbwa kuwa kijibwa. Kwa hiyo kooikerhondje ni kijibwa cha mtega bata. Nionavyo mimi, asiyeielewa kazi iliyompa mbwa huyu jina atamlea vibaya hata akimlisha vizuri.

Eendenkooi ni bwawa dogo lililofichwa katikati ya miti, mahali pasipo kelele. Pembeni mwake hutoka mifereji iliyopinda na kuzidi kuwa myembamba, mithili ya pembe ya ng'ombe. Juu ya kila mfereji kuna matao yaliyotandazwa wavu, na kandokando vimesimamishwa viambaza vya matete kwa kupishana, ili mtu aliye nyuma yake awaone bata kupitia mianya nao wasimwone. Bwawani wamo bata waliozoeshwa kulishwa. Bata pori wakipita angani huwaona wenzao wametulia, nao hutua.

Sasa kooiker humwachia mbwa wake. Mbwa hujitokeza penye mwanya kati ya viambaza viwili, huonekana kidogo, hupotea, kisha huchomoza tena mbele zaidi. Kinachoonekana hasa ni mkia mweupe, wenye manyoya marefu, ulioinuliwa. Bata wakiwa majini wana ujasiri wa ajabu: wakimwona mnyama mdogo kama mbweha akiondoka, humfuata wajue anaelekea wapi. Ndivyo wanavyoufuata mkia ule mpaka ndani ya mfereji. Wakishaingia vya kutosha, kooiker mwenyewe hujitokeza nyuma yao. Wanashtuka, wanakimbilia mbele kwenye mwanga, na mbele ndiko kwenye kisanduku cha kuwanasia. Muda wote huo mbwa hajabweka wala hajamgusa bata hata mmoja. Angebweka mara moja tu, bwawa zima lingeruka.

Tabia zake zote zimetoka hapo. Ni mchangamfu na mwepesi, lakini si mpayukaji. Humtazama bwana wake kila wakati, kwa sababu kwa vizazi vingi aliongozwa kwa ishara ya mkono na si kwa sauti. Ndiyo maana ukali humvunja moyo upesi. Ukimfokea leo, kesho atakukwepa, na imani ile hairudi kwa siku moja. Mfundishe kwa upole usioyumba: neno lilelile, kanuni ileile, na kipande kidogo cha nyama anapopatia. Kwa mgeni hujizuia kwanza. Usimlazimishe kushikwashikwa, mwache amnuse mtu na kumwendea mwenyewe. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo wenye vurugu, anahitaji pembe yake ya kujipumzisha ambako hakuna anayemfuata.

Kazi yake nyingine kwa kooiker ilikuwa kuua panya na wanyama wadogo waharibifu. Kwa hiyo sungura wa kufugwa usimwachie bila kuangalia.

Kwa umbo ni mdogo: dume hufikia sentimita 40 hivi begani, jike 38. Rangi ni nyeupe yenye mabaka mekundu ya chungwa, na ncha za masikio mara nyingi zina manyoya meusi marefu ambayo Waholanzi huyaita hereni. Mbwa wa sura hii wamo katika michoro ya karne ya 17, ikiwemo ya mchoraji Mholanzi Jan Steen. Hata hivyo, mitego ilipopungua, mbwa nao nusura watoweke. Aliyewaokoa ni mwanamke, Baroness van Hardenbroek van Ammerstol, aliyeanza kuwatafuta mashambani mwaka 1939 na kuwazalisha Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Jike aliyempata, Tommie, ndiye mama wa mwanzo wa ukoo wa leo. Uholanzi iliitambua aina hii ya mbwa rasmi mwaka 1971.

Manyoya yake hayana usumbufu mkubwa. Mchane mara moja kwa wiki, zaidi nyuma ya masikio, kwenye mapaja na mkiani, maana huko ndiko yanakosokotana. Usimnyoe: manyoya yale humkinga na maji na baridi, na tope likikauka hudondoka lenyewe. Mazoezi ndiyo yenye uzito. Anahitaji kutembezwa na kukimbia kila siku, na zaidi ya hapo anahitaji kazi ya akili, kama kutafuta kitu kilichofichwa, kuruka vizuizi au kufuata harufu. Akikosa kazi hujitafutia, na wewe hutaipenda.

Hilo la mama mmoja wa mwanzo lina gharama yake. Ukoo uliojengwa kutoka kwa mbwa wachache hubeba magonjwa ya kurithi. Lipo la damu kutoganda, liitwalo von Willebrand, ambapo jeraha dogo huweza kumtoa mbwa damu nyingi. Lipo pia la goti kuteleza kutoka mahali pake, utamwona akitembea akiinua mguu mmoja wa nyuma kwa hatua chache. Baya kuliko yote huharibu uti wa mgongo wa mbwa, mara nyingi akiwa bado hajatimiza mwaka: miguu ya nyuma huanza kuyumba, kisha hulegea kabisa, na dawa hakuna. Habari njema ni kwamba hili na lile la damu hupimwa kwa vinasaba kabla wazazi hawajapandishwa. Kwa hiyo kabla hujamtazama mtoto wa mbwa machoni, omba kuona majibu ya vipimo vya baba na mama yake pamoja na cheti cha magoti. Mfugaji makini huwa nayo tayari. Asiyekuwa nayo, muage urudi nyumbani mikono mitupu.