Nyongo Ikishamaliza Kazi ya Mafuta

Asubuhi machinjioni Vingunguti, anayetoa maini hupunguza kasi akifika kwenye kifuko cha nyongo. Kikipasuka, ini lote linakuwa chungu na mteja halichukui. Uchungu huo ndio kazi yangu ya maabara.

Wanafunzi wengi hunijia wakijua jambo moja: nyongo huyeyusha mafuta, kama sabuni kwenye sufuria la pilau. Ni kweli. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, na ukila mafuta kifuko huzimwaga kwenye utumbo mwembamba. Kazi ikiisha, takriban asilimia 95 hunyonywa na kurudi kwenye ini zitumike tena. Ndiyo maana naumia nikiona chupa za "kusafisha nyongo" zikiuzwa stendi. Mwili hauioni nyongo kama uchafu. Unaitunza.

Zile chache zinazoponyoka huingia utumbo mpana, na huko bakteria wanazisubiri. Kwanza huzivua glaisini au taurini, molekuli ndogo ambayo ini lilizifunga nayo. Kisha bakteria wachache, kama Clostridium scindens, huzinyofoa kipande kidogo, na asidi ya koliki, mojawapo ya asidi za nyongo, inageuka kuwa asidi ya deoksikoliki. Ni badiliko dogo mno, lakini seli za utumbo zinalitambua.

Utando wa ndani ya utumbo hujijenga upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli mpya huzaliwa na seli shina zilizojificha chini kabisa ya vishimo vidogo vya utando huo, na seli shina hizo zina vipokezi vya asidi za nyongo, yaani protini zinazozitambua. Kimoja, FXR, ni breki: kikiamshwa, kugawanyika kunatulia. Kingine, TGR5, ni akseleta: huchochea kugawanyika. Kwa panya kimeonekana kusaidia utando uliojeruhiwa kupona. Nasisitiza hapo, kwa sababu wengi wakisikia "seli zinakua" wanawaza saratani tu. Utumbo uliochubuka unahitaji seli mpya, tena upesi.

Shida huanza breki inapolegezwa siku nenda rudi. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walionyesha kwamba kwa panya wenye kasoro ya kurithi inayoleta vivimbe vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani, chakula chenye mafuta mengi huongeza asidi zinazozuia FXR. Deoksikoliki ni mojawapo. Seli shina zikagawanyika kupita kiasi huku DNA yake ikiharibika.

Na binadamu je? Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulichapishwa 2015. Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, bakteria wao walitengeneza butireti zaidi, ambayo ndiyo chakula cha seli za utumbo mpana, na asidi za aina ya deoksikoliki zikapungua. Kasi ya seli kugawanyika ikashuka. Kwa wenzao wa Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Wiki 2 tu! Kila nikiusoma nakumbuka nyumba tulizokulia, dona na kisamvu mezani, kisha natazama foleni ya chipsi mayai Manzese saa 2 usiku. Safari ile ile, ila sisi hatupimwi na mtu, na wiki zetu hazihesabiki.