Kichaa cha Mbwa kwa Mtu Mwenye Kinga Dhaifu

Mtu aliyeumwa na mbwa anapoketi mbele yangu, nikishahakikisha kwamba kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, namuuliza anatumia dawa gani nyumbani. Wengi hushangaa, maana wamekuja na habari za mbwa nami nawauliza habari za vidonge.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisambai kwa njia ya damu. Hukaa kwanza kwenye misuli iliyoumwa, kisha huingia katika ncha za mishipa ya fahamu na kupanda hadi uti wa mgongo na ubongo, safari ambayo mara nyingi huchukua mwezi 1 hadi 3. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka au kupooza, karibu kila mgonjwa hufariki, kwa hiyo muda wote wa kumwokoa umo ndani ya safari hiyo. Chanjo anayopewa mtu baada ya kuumwa haikiui kirusi kwa yenyewe, bali huuchochea mwili utengeneze kingamwili za kukidaka kabla hakijafika ubongoni, na mwili hauwezi kuitengeneza kinga hiyo ipasavyo bila msaada wa seli za CD4, yaani seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga. Mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka, aliyepandikizwa figo, anayetibiwa saratani, au anayemeza prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kwa dozi kubwa anaweza kumaliza sindano zote huku damu yake ikibaki bila kingamwili za kutosha.

Kisa ninachopenda kuwasimulia madaktari vijana ni cha mzee wa miaka 84 wa jimbo la Minnesota, Marekani, aliyeumwa na popo mwenye kichaa mwaka 2020. Alipata chanjo na immunoglobulini, yaani kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, kwa wakati, lakini miezi 6 hivi baadaye alifariki. Uchunguzi haukuona kasoro katika dawa wala katika namna zilivyotolewa. Tatizo lilikuwa kinga yake mwenyewe, ambayo ilikuwa dhaifu bila mtu kujua. Ujerumani nako, mwishoni mwa 2004, viungo vya mtu mmoja aliyekufa kwa kichaa kisichotambuliwa vilipandikizwa kwa watu kadhaa. Watatu wakafariki, lakini aliyepewa ini alinusurika ingawa naye alikuwa akitumia dawa za kushusha kinga, kwa kuwa aliwahi kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa miaka mingi nyuma.

Hata utambuzi wa ugonjwa huwa mgumu kwa watu hawa. Kipimo cha kingamwili katika damu au maji ya uti wa mgongo kinaweza kutoka hasi huku ubongo umeshavamiwa, kwa hiyo ni lazima kirusi chenyewe kitafutwe katika mate na katika kipande cha ngozi ya kisogoni. Mwenye VVU aliyechanganyikiwa hudhaniwa haraka kuwa na toksoplasma (vimelea vinavyoshambulia ubongo) au homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi (aina ya fangasi), na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, ila swali la kuumwa na mnyama halichukui hata nusu dakika.

Si kila mwenye VVU aingizwe katika kundi hili. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu wa miaka 5 au zaidi anayetumia ARV, anayefuatiliwa kliniki na mwenye CD4 kuanzia 200, huhudumiwa kama mtu mwingine yeyote. Kwa wale ambao kinga yao imeshuka kweli, immunoglobulini hutolewa hata kwa mkwaruzo mdogo usiotoa damu. Huchomwa ndani ya jeraha na kando yake, mahali kirusi kilipo. Ratiba ya chanjo kwenye misuli nayo hufikishwa dozi 5, ya mwisho siku ya 28. Wiki 2 hadi 4 baadaye, maabara ikiwepo, napima kama kingamwili zimefika angalau uniti 0.5 kwa mililita. Zikiwa chini ya hapo, namwongezea dozi na kumpima tena.