Gramu si besi

Hapa Lubumbashi, mtu akishika santuri ya hip-hop ya gramu 180 huipima mkononi kama kuku wa sokoni, kisha anatangaza: "Hii ndiyo yenye besi!" Hapana, ndugu yangu. Sindano husoma mfereji uliochongwa kwenye santuri, na mfereji wa santuri nzito hauna kina zaidi ya ule wa santuri ya gramu 140. Besi hudai mifereji mipana, nayo hula nafasi. Ukibana dakika 28 upande mmoja, fundi wa kuchonga hana budi kushusha sauti. Ndiyo maana singo ya inchi 12, wimbo mmoja kila upande kwa mizunguko 45 kwa dakika, hutikisa ukuta.

Jalada nene linalofunguka kama kitabu? Linapendeza, na mimi hulinunua. Ila halizuii vumbi jekundu la kiangazi: mfuko wa ndani uwe wa plastiki laini, mdomo wake ukielekea juu ndani ya jalada, si kwenye uwazi wa jalada.